Mionzi Iliyoponya, na Ugonjwa Unaoweza Kufuata



Mzee mmoja wa kanisa alinijia jioni, baada ya kazi ya kufunga vidonda kwisha. Akaketi barazani, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwinjilisti, nimesikia wataka kuandika katika kitabu chetu ya kwamba mionzi inayotibu kansa ya kichwa yaweza kuleta kansa nyingine. Nakuomba usiandike. Watu wetu hapa Niemba ni wazito kwenda hospitali hata sasa. Wakisoma neno hili, nani atakubali kumpeleka mtoto wake?"

Mzee huyu namheshimu sana. Yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyumba ya wazazi hapa kwetu, na tangu siku nyingi husimama upande wa hospitali kuliko wengine. Shauri lake si la mtu mjinga. Lakini sikukubaliana naye, wala sikubaliani naye leo. Nataka kuwaelezeni sababu.

Kwanza niwasimulie habari ya kijana mmoja. Jina lake sitalitaja, wala jina la hospitali iliyomtibu mwanzoni. Alipokuwa na umri wa miaka 7 hivi alianza kutapika kila asubuhi na kuyumba kama mlevi akitembea. Wazazi wake walikuwa na ndugu katika mji wa mbali, wakampeleka huko. Alipasuliwa nyuma ya kichwa, uvimbe ukaondolewa, kisha akapigwa mionzi kwa majuma mengi. Akapona. Alirudi kijijini nywele zikiwa zimedondoka upande wa nyuma, mama yake akatoa shukrani kanisani, na sote tulifurahi. Alikua, akajifunza useremala, akaoa.

Miaka 19 ikapita. Ndipo alipoanza kuumwa kichwa. Alikuja kwangu, nami nikampa dawa ya malaria, maana hapa kwetu kila kichwa kinachouma twakiita malaria. Alirudi, nikampa dawa nyingine. Kisha akashikwa na kifafa usiku, nikaandika "kifafa" katika daftari, nikampa vidonge vya kifafa. Sikumwuliza habari ya kovu lililo nyuma ya kichwa chake. Nilikuwa nalijua, maana nilimwona alipokuwa mtoto. Lakini katika mawazo yangu ugonjwa ule ulikuwa umekwisha zamani, kama moto uliozimwa.

Tulipoteza miezi 14. Daktari wa mjini alipomwona mwishowe, aliuliza maswali yaliyo wazi kabisa: uvimbe wa kwanza ulikuwa wa namna gani? Mionzi ilipigwa sehemu gani ya kichwa? Kwa kipimo gani? Hakuna aliyeweza kujibu. Mama yake alisema walipewa kikaratasi cha tarehe za kurudi tu, nacho kililiwa na mchwa. Kijana alipopigwa picha ya kichwa, alionekana kuwa na uvimbe mwingine, usio wa namna ile ya kwanza, uliotoka katika utando unaofunika ubongo. Ulipasuliwa ukatoka. Yeye yu hai hata leo. Lakini macho yalikuwa yamekwisha kuharibika kwa sababu ya msukumo wa muda mrefu ndani ya kichwa, na seremala asiyeona hawezi kupiga randa.

Na hayo si yote. Katika miezi ile 14 jamaa walitafuta mchawi. Walimpata shangazi yake, mjane asiye na mtoto wa kumtetea, wakamfukuza kijijini. Alikwenda kwa ndugu zake ng'ambo ya mto, hakurudi tena. Wala hakuna aliyemwonya mtu yeyote, si hospitali ile ya kwanza, si mimi, ya kwamba jambo kama hili laweza kutokea. Kama tungalijua, shangazi angalilala nyumbani mwake.

Sasa nawaeleza jambo lenyewe.

Mionzi ni nuru yenye nguvu isiyoonekana kwa macho. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana, na ndani ya kila chembe mna kama uzi mrefu wenye maagizo: gawanyika, acha kugawanyika, fanya kazi hii, kufa sasa. Kansa ni chembe iliyoharibika maagizo, ikakataa kuacha kugawanyika. Mionzi ikipita huukata ule uzi. Chembe ya kansa haijui kujitengeneza vizuri, hivyo hufa. Chembe nzuri zilizo jirani nazo hukatwa uzi, lakini nyingi hujishona upya na kuendelea na kazi. Hiyo ndiyo sababu daktari hagawi mionzi yote siku moja, bali huigawa kidogo kidogo kwa majuma 5 au 6, ili chembe nzuri zipate nafasi ya kupumua.

Lakini mara chache chembe nzuri hujishona vibaya. Haifi, wala haiponi kamili. Hukaa kimya. Ninyi mliochoma mashamba mwajua: moto wa majani huisha kwa siku moja, lakini kisiki kikubwa chaweza kufuka ndani kwa siku nyingi bila mtu kuona moshi. Ndivyo ilivyo chembe ile. Yaweza kukaa miaka 5, au 10, au 30, kisha ikaanza kugawanyika bila adabu. Huo ndio ugonjwa tunaosema habari zake. Si ugonjwa wa kwanza uliorudi, bali mpya, uliozaliwa mahali palipopita mionzi.

Watu wa Katanga tunayo sababu ya kuielewa mionzi kuliko mataifa mengi. Huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, mwaka 1915 yalionekana madini ya urani yenye radiamu nyingi. Kuanzia mwaka 1922 radiamu ilitengenezwa kutoka kwa mawe hayo katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya radiamu iliyotumiwa na hospitali za dunia ilitoka katika ardhi yetu. Wagonjwa wengi wa Ulaya walitibiwa kwa jiwe la Katanga, wala wachimbaji wetu hawakujua. Katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 mlikuwa na urani ambayo sehemu yake kubwa ilitoka Shinkolobwe. Watu waliookoka Hiroshima na Nagasaki waliendelea kuchunguzwa miaka mingi, nao ndio waliotufundisha waziwazi kwamba kansa ya mionzi yaweza kuchelewa muda mrefu namna hii. Hata kobalti, ambayo tunaichimba Kolwezi, ikiwekwa ndani ya tanuru la atomu hugeuka kuwa kobalti 60, na ndiyo iliyotiwa katika mashine za kutibu kansa tangu mwaka 1951 huko Kanada. Basi kitu kile kile huponya na kuumiza. Mama Marie Curie, ambaye pamoja na mumewe aliivumbua radiamu mwaka 1898, alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu uliofikiriwa kuletwa na mionzi aliyoishika miaka yote.

Mtu atauliza: twajuaje ya kwamba mionzi ya kichwani huleta uvimbe? Labda ni bahati mbaya tu.

Katika nchi ya Israeli, tangu mwaka 1948 hata 1960, maelfu ya watoto wenye mapunye kichwani walipigwa mionzi ili nywele zidondoke na mapunye yaishe. Dawa nzuri ya kumeza ilikuwa haijapatikana. Kipimo kilichofika kwenye ubongo kilikuwa kidogo, karibu grei moja na nusu. (Grei ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini, kama kilo ilivyo kipimo cha unga.) Mwaka 1988 wataalamu walichapisha habari za watu karibu 10,800 kati ya hao. Uvimbe wa utando wa ubongo, uitwao meninjioma, uliwapata karibu mara 10 kuliko watu wasiopigwa mionzi. Uvimbe wa ubongo wenyewe, uitwao glioma, uliwapata zaidi ya mara 2. Kwa ajili ya mapunye! Habari hii kila niisomapo hunihuzunisha, kwa maana watoto wale hawakuwa katika hatari ya kufa.

Tena huko Marekani na Kanada walifuatwa watu 14,361 waliokuwa na kansa utotoni kati ya mwaka 1970 na 1986 na wakaishi miaka 5 au zaidi. Kati yao 116 walipata uvimbe mpya wa ubongo au wa uti wa mgongo, yaani chini ya mmoja katika mia. Waliopigwa mionzi kichwani ndio waliopatwa zaidi sana. Kwa glioma, muda wa kati ulikuwa miaka 9 tangu ugonjwa wa kwanza. Kwa meninjioma ulikuwa miaka 17. Kijana wetu wa miaka 19 hayuko mbali na hesabu hiyo.

Na kwa watu wazima? Mjini London walihesabiwa wagonjwa 334 waliopigwa mionzi kwa ajili ya uvimbe wa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Watu 5 walipata uvimbe wa pili. Hesabu yake ni karibu 2 katika 100 kwa muda wa miaka 20. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1992.

Sasa mzee wangu atasema: "Waona? Umewatisha." Hapana, mzee, ngoja. Sijamaliza kupima. Mizani ina sahani mbili, na mtu anayeweka upande mmoja tu ni mwizi sokoni.

Uko uvimbe wa nyuma ya kichwa unaowapata watoto, uitwao meduloblastoma. Daktari Harvey Cushing wa Marekani alikuwa fundi mkubwa wa kupasua ubongo katika siku zake. Mwaka 1930 aliandika habari za wagonjwa 61 wa ugonjwa huu. Aliwapasua kwa mikono yake hodari, na bado ni mmoja tu aliyefika miaka 3. Mmoja katika 61. Kisha mwaka 1953, huko Manchester, Uingereza, Daktari Edith Paterson na mwenzake Farr walichapisha habari za wagonjwa waliopigwa mionzi ubongo wote na uti wa mgongo wote. Karibu theluthi mbili walifika miaka 3. Katika hospitali zenye vifaa vyote leo, pale ambapo ugonjwa haujatawanyika na mtoto amepata upasuaji, mionzi na dawa, zaidi ya watoto 7 katika 10 hufika miaka 5.

Wekeni basi sahani mbili. Sahani hii: mtoto asiyepigwa mionzi, ambaye karibu hakika atakufa kabla ya kubadilisha meno yake yote. Sahani hii: mtoto aliyepigwa mionzi, ambaye pengine ataishi, na kati ya wengi kama yeye wachache watapata uvimbe mwingine baada ya miaka mingi, na uvimbe huo mara nyingi ni meninjioma, ambayo ikigunduliwa mapema yaweza kupasuliwa. Mimi sioni ugumu wa kuchagua. Tena ni lazima mtu awe hai ili apatwe na ugonjwa wa baada ya miaka 20. Aliyekufa akiwa na miaka 8 hana hofu hiyo.

Na hatari ya kukosa mionzi tuliiona karibu nasi. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, iliyokuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1995, iliharibika kabisa. Uganda ilikaa bila mashine nyingine ya kazi hiyo hata mpya ilipofunguliwa Januari 2018. Wenye uwezo walikwenda Nairobi na kwingineko. Wasio na uwezo walikaa nyumbani na maumivu yao. Hakuna mtu Kampala aliyeshangilia kwa kuwa sasa hapatakuwa na kansa za mionzi.

Kwa hiyo simwambii mtu akimbie mionzi. Nasema jambo lingine: mgonjwa aambiwe kweli yote kabla, na apewe barua baada.

Kwa nini kabla? Kwa maana kweli iliyofichwa haifi. Huja siku nyingine ikiwa imevaa nguo za mchawi. Mtu akiambiwa mwanzoni, "Dawa hii ni kali, itakuokoa, lakini yaweza kuacha alama, nasi tutaiangalia pamoja," basi ugonjwa ukija baada ya miaka 15 atasema, "Ndiyo ile waliyoniambia," naye atapanda gari la moshi kwenda kwa daktari. Asipoambiwa, atasema, "Nani ameniroga?" au, jambo baya zaidi kwetu Wakristo, kanisa litasema, "Alishuhudia kwamba ameponywa, mbona ameugua tena? Ana dhambi ya siri." Nimesikia maneno hayo kwa masikio yangu, yakisemwa na watu wenye kushika Biblia. Ndugu, rafiki za Ayubu nao walisema hivyo, na twajua Mungu aliwaambia nini mwishoni. Kushukuru kwa kupona ni vyema. Aliyeshukuru hakusema uongo hata akiugua tena.

Mzee wangu huogopa kwamba watu wetu hawawezi kubeba kweli yenye pande mbili. Mimi nimeishi nao. Mama wa Niemba ajua ya kwamba mhogo mchungu una sumu. Haukatai, bali huuloweka siku tatu au nne. Mvuvi wa Kalemie ajua ya kwamba ziwa huua, na jioni husukuma mtumbwi wake kwenda kutafuta ndagala. Watu hawa watashindwaje kuelewa dawa yenye madhara? Waliowaona kuwa watoto ni sisi wauguzi na waalimu.

Sasa habari ya barua. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ni jambo ambalo ninyi wenyewe mwaweza kulifanya bila fedha.

Mwaka 1948 madaktari wa New York, Cahan na wenzake, waliandika habari za wagonjwa 11 waliopata kansa ya mfupa mahali palipopigwa mionzi. Walitaka kujua jinsi ya kusema kwa haki ya kwamba kansa hii imeletwa na mionzi. Wakaweka masharti, na hata leo yanafuatwa: kansa mpya iwe mahali mionzi ilipopita, iwe ya namna nyingine kuliko ile ya kwanza, na uwe umepita muda mrefu. Angalieni masharti hayo. Bila karatasi ya zamani hakuna hata moja linaloweza kuthibitishwa. Tena daktari akitaka kupiga mionzi mara ya pili, ni lazima ajue kipimo cha mara ya kwanza, kwa maana ubongo hausahau. Ukipita kipimo chake huoza. Asipojua, ataogopa kutibu, au atatibu na kuharibu.

Basi siku ya mwisho ya matibabu, kabla ya kuaga, mzazi asimame mbele ya daktari na kusema: "Daktari, twakushukuru. Tunaomba barua." Barua hiyo iseme jina la ugonjwa kama ulivyoonekana katika darubini, sehemu ya kichwa iliyopigwa mionzi, na kama uti wa mgongo ulipigwa pia, grei ngapi kwa jumla, kwa siku ngapi, kwa mashine gani, tarehe, na dawa nyingine alizopewa. Asikubali kuambiwa, "Yamo katika vitabu vyetu." Vitabu vya hospitali huchomwa, huloa, huhamishwa, nchi yetu imeona vita vya kutosha kutufundisha hilo. Akifika nyumbani aandikishe nakala mbili kwa mkono, moja akae nayo, moja atuletee sisi. Ile ya nyumbani itiwe katika kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, mchwa asifike. Nimeona watu wakitunza risiti ya baiskeli kwa miaka 20, na cheti cha ubatizo hata kifo. Barua hii nayo itunzwe hivyo.

Mjue pia ya kwamba madaktari hawakukaa tu wakitazama. Wameipunguza hatari. Watoto wa chini ya miaka 3 mara nyingi hupewa dawa kwanza ili mionzi ingoje, kwa kuwa kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo chembe zake zinavyogawanyika upesi, na ndivyo alivyo na miaka mingi mbele yake. Katika meduloblastoma isiyotawanyika, kipimo cha uti wa mgongo na ubongo wote kimeshushwa kutoka grei 36 hata grei 23.4, na dawa zikaongezwa badala yake. Watoto wenye kansa ya damu zamani walipigwa mionzi kichwani ili kuzuia ugonjwa usiingie huko. Leo wengi wao hupewa sindano za dawa katika maji ya uti wa mgongo, bila mionzi. Na ile kansa ya jicho la mtoto, ambayo jicho lang'aa jeupe kama la paka usiku: watoto wengine huzaliwa na kasoro ya maagizo katika chembe zote za mwili, na hao wakipigwa mionzi usoni huwa katika hatari kubwa sana ya kansa ya mifupa ya uso baadaye. Kwa hiyo madaktari hujitahidi kutumia njia nyingine wakiweza. Haya yote yalipatikana kwa sababu kuna watu waliosema kweli juu ya madhara. Kama wangaliyaficha, watoto wangali wakipigwa mionzi kwa ajili ya mapunye.

Nijibu upesi maswali mawili ninayoulizwa kila mara. Picha ya kifua, ambayo sisi twasema "kupiga radio", si jambo hili. Kipimo chake hakifiki hata sehemu moja katika mia elfu ya mionzi ya kutibu uvimbe wa ubongo, ambayo mara nyingi ni grei 54 hivi. Msikatae picha daktari anapotafuta kifua kikuu. Na mtoto aliyetoka katika mashine ya mionzi ya nje habaki na mionzi mwilini. Mama ambebe, amnyonyeshe mdogo wake karibu naye, walale mkeka mmoja.

Kwa aliyepigwa mionzi kichwani zamani, hata kama ni miaka 30 iliyopita: kichwa kikianza kuuma asubuhi pamoja na kutapika, au ukishikwa na kifafa usichokuwa nacho, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea, au macho yakififia, au watu wa nyumbani wakisema tabia yako imegeuka, usiishie kwa dawa ya malaria. Hata uvimbe unaojitokeza shingoni mbele, au kidonda cha ngozi ya kichwa kisichofunga, kionyeshe. Mara nyingi litakuwa jambo jingine dogo, nasi tutacheka pamoja. Nanyi wauguzi wenzangu wa vituo vidogo: mwulizeni kila mwenye kovu kichwani kwamba lilitoka wapi. Mimi sikuuliza.

Katika jimbo letu la Tanganyika hatuna mashine ya mionzi. Wengine wetu hushuka Kalemie, huvuka ziwa hata Kigoma, na kupanda gari la moshi kilomita 1,250 hivi hata Dar es Salaam, kwenye hospitali ya kansa ya Ocean Road. Wengine huenda Lusaka, ambako hospitali ya kansa ilifunguliwa mwaka 2007, na Kigali walianza kutibu kwa mionzi mwaka 2019. Ni safari ndefu, na gharama yake huuza mbuzi na shamba. Ndiyo maana nachukia sana kuona mtu akirudi kutoka safari kama hiyo mikono mitupu, bila kipande cha karatasi kinachosema alifanyiwa nini.

Baada ya mzee kunisikiliza jioni ile, hakusema kwamba nimemshinda. Alisema, "Basi uandike, lakini uandike habari ya sahani mbili kwanza." Sikuweza kuiweka kwanza, mzee wangu, lakini nimeiandika.

Juma lililofuata alikuja mama mmoja kutoka upande wa njia ya reli, na binti wa miaka 9 anayeyumba akitembea. Mama huyu alikuwa amesikia sokoni kwamba mionzi huleta kansa. Nilimwambia, "Ni kweli, mama." Akanitazama, maana alitazamia nikatae. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, nikachora mizani chini kwa kijiti. Aliuliza maswali mengi, mengine sikuweza kuyajibu nikamwandikia ampelekee daktari. Kisha akauliza njia ya Kigoma na nauli ya meli. Tuliomba pamoja, akaondoka Alhamisi. Ndani ya kikapu chake, chini ya vitenge, lilikuwamo kopo tupu la maziwa lenye kifuniko.